Pipa Juu ya Matofali

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko asubuhi nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyofungua mlango wa mashine ya kuosha vyombo nikakuta maji yamelala ndani. Maji meusi, yenye mafuta juu, na vipande vya bukari, ugali wetu, vikielea taratibu kama havina haraka ya kwenda popote. Nakumbuka hata harufu yake. Nilifunga mlango, nikaufungua tena, kama mtu anayedhani macho yake yamemdanganya. Maji yalikuwa pale pale.

Kaa nikueleze. Shule yangu iliishia ya msingi, na kuandika naandika polepole, kwa hiyo nawe soma polepole, tutakwenda pamoja. Lakini neno hili nimelishika vizuri. Limenisaidia katika ndoa, katika biashara, katika kulea watoto, na bado halijanidanganya hata leo.

Likasi, mji wetu wa migodi, miaka ile ilikuwa inapumua kwa pua moja. Mishahara ilikuwa imekufa, mitambo mingi imenyamaza, na Wazungu wa migodi walikuwa wameondoka na masanduku yao. Waliacha nyuma nyumba moja kubwa walimokuwa wanalala wageni wao, pamoja na jiko lake. Funguo walimwachia Mama Anastazia, aliyekuwa mpishi wao kwa miaka mingi. Walimwambia watarudi. Mama alingoja, na alipochoka kungoja akawasha moto. Akaanza kupikia arusi, matanga, na mikutano ya walimu waliotoka Mulungwishi. Mtu mwenye sufuria kubwa na akili hakosi watu wa kuwalisha, hata katika njaa.

Ndani ya jiko lile ndimo ilimokuwa mashine, kubwa kama kabati, ya chuma cheupe kinachong'aa. Wakati ule ugonjwa wa kuhara ulikuwa unapita mitaani, na watu waliogopa sahani za karamu kuliko walivyoogopa mbwa. Lakini kwa Mama Anastazia sahani zilitoka za moto hata huwezi kuzishika, na mji mzima ulijua hivyo. Watu walikuja kwake kwa ajili ya samaki wake, ndiyo, lakini walikuja zaidi kwa ajili ya sahani zile.

Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya mashine. Nilifundishwa na Papa Tshibangu, fundi wa nyumba ile, mtu mpole mwenye masharubu. Alinionyesha chujio la chini, namna ya kulitoa na kulisugua kila jioni. Kisha ukafika ule wakati watu wenye asili ya jimbo la Kasai walipofukuzwa. Alilala kituoni pamoja na jamaa yake, wakingoja treni kati ya masanduku na magodoro, na mimi nikawa ninawapelekea chakula. Siku treni ilipoondoka aliniita dirishani. "Usiogope mashini, mutoto," aliniambia. "Haina siri. Iko na njia ya kuingilia na njia ya kutokea, kama muntu." Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake.

Sasa uelewe kilichokuwa mkononi mwangu. Mama yangu mzazi alikuwa machimboni Kakontwe, akiponda mawe kwa nyundo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeponda huko kabla ya kupata kazi ya jikoni; kidole hiki kilichopinda ni cha huko. Na wiki ile kulikuwa na arusi kubwa ya kulisha Jumamosi. Mama Anastazia alipoyaona yale maji, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mashini ikikufa, minye sina kazi ya kukupa. Unajua." Nilijua. Nyundo yangu ilikuwa bado kwa mama, nyuma ya mlango.

Nikaanza kutafuta. Nilikuwa na haya nyingi wakati ule, lakini mikono yangu haikuwa na haya. Niliyachota maji yale kwa kikombe, nikalitoa chujio. Kweli, kulikuwa na bukari iliyoganda, na mifupa ya samaki. Nikalisugua mpaka likang'aa. Nikaingiza vidole katika shimo lililo chini yake, nikatoa kizibo cha chupa. Moyo wangu ukaruka, nikasema moyoni: ndicho hiki. Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Mashine ikaosha, ikanguruma, ikanyamaza. Nikafungua mlango. Maji.

Mama akamwita Depo, kijana wa umeme. Depo alikuwa fundi mzuri, nisimseme vibaya, lakini ulimi wake ulikuwa unatangulia koleo lake. Aliinama, akatazama ndani, akatikisa kichwa.

"Hii mashini inalilia Bazungu benye kuenda," alisema. "Ona machozi. Hata kumwanga maji haitaki."

"Depo," Mama akasema, "sikukuita ju ya kucheka. Tengeneza."

"Mama, ninatengeneza na ninacheka. Bei ni moja." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, Mamzeli Kimya, unasemaje?"

Nikamsogezea ndoo, basi. Ndiyo sababu alikuwa ameniita jina lile.

Akailaza mashine ubavuni, akafungua bamba la chini, akaitoa pampu, ile inayosukuma maji machafu kwenda nje. Akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka vizuri. Akaipuliza, akaipaka mafuta, akairudisha. Tukaiwasha tena. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoona jambo ambalo Depo hakuliona, kwa sababu yeye alikuwa anasikiliza pampu na mimi nilikuwa ninatazama maji. Maji yalishuka. Polepole, lakini yalishuka, hata ukingo wa chujio ukaonekana. Kisha pampu iliponyamaza, yakaanza kupanda tena. Yalikuwa yanarudi, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta umefungwa.

"Inarudi," nilisema, kwa sauti ndogo sana.

"Inarudi ju pompi inachoka," Depo akajibu. "Na kuran, umeme ya bwawa ya Mwadingusha, nayo inakuya kidogo-kidogo, kama chai ya mufungwa. Mama, kesho mangaribi kuko lori. Niipeleke pompi Lubumbashi, banaifunga waya mupya."

Mama akakaa juu ya gunia la unga. Alijua, na sisi sote tulijua, habari za vitu vilivyopanda lori miaka ile. Vilikwenda kutengenezwa, na vilikohamia hakuna aliyejua. Lakini alikubali kwa kichwa, kwa sababu mtu anayezama hushika hata unyasi. Akasema tungoje mpaka kesho lori lije.

Kesho yake mchana nilikuwa uani, ninaosha sahani kwa mkono katika beseni. Nilikuwa ninazisugua kwa nguvu, ninazigonganisha. Pale uani alikuwa anakaa siku zote Nkambo Felista, bibi wa jirani, akichambua maharagwe ya Mama. Tulimwita nkambo sisi wote, kwa kuwa kila mtoto wa mtaa ule alikuwa mjukuu wake. Mashine hakuzijua kabisa. Nadhani hata mlango wa ile yetu hakuwahi kuufungua.

"Weye," akaniambia, "hiyo sahani imekukosea nini?"

"Hapana kitu, Nkambo."

"Basi usiipige. Mashini iko namna gani?"

"Inagonjwa. Depo anasema ni tumbo. Leo anaitoa pompi."

Akaacha maharagwe. "Nani anabafundisha kupasua tumbo kwanza? Mutoto akihara, unaulizaka alikula nini jana. Unaulizaka nani alimupa kitu kipya. Haumupasuake! Shiye tulilea batoto bengi, na kisu ilibakia ya nyama." Akanikazia macho. "Mbele igonjwe, mulibadilisha nini?"

Nikataka kujibu kwamba hatukubadilisha kitu. Sabuni ilikuwa ile ile. Sahani zile zile. Nilifuata njia ya maji kichwani mwangu, kama Papa Tshibangu alivyoniambia: njia ya kuingilia, njia ya kutokea. Na nilipofika kwenye njia ya kutokea, mkono wangu ukasimama ndani ya beseni.

Lazima nikueleze hapa habari ya pipa. Maji ya bomba wakati ule yalikuja saa chache, na siku nyingine hayakuja. Kwa hiyo Mama Anastazia alibuni jambo zuri sana. Badala ya maji machafu ya mashine kwenda bure katika mfereji, alichukua mpira wa kutolea maji, akaingiza mwisho wake katika pipa kubwa la chuma. Maji yale tuliyatumia kusukuma choo na kuosha sakafu, na majirani waliyachota kwa vyoo vyao. Watu walimsifu. Abbé mwenyewe, padri wetu, alilitaja pipa lile kanisani, akasema huo ndio utunzaji wa wakristo, na Mama alirudi nyumbani siku ile akitembea kama bibi arusi.

Basi, Jumapili iliyotangulia ugonjwa wa mashine, baada ya misa, Mama alilipandisha pipa juu ya matofali, tofali juu ya tofali, ili ndoo iweze kuingia vizuri chini ya koki yake. Aliyabeba mwenyewe. Sisi tulipiga makofi. Sasa mpira ulipanda juu mpaka usawa wa paji la uso wangu, kisha ukashuka ndani ya pipa, mwisho wake ukizama katika maji.

Nililiona lote kwa mara moja. Pampu ile ilikuwa inasukuma maji mlimani, kwa umeme mdogo, hata nguvu zikaiishia. Na ilipopumzika, maji ya mpirani, pamoja na yale ya pipa, yalikuwa yanateremka kurudi ndani ya mashine. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Sisi tulikuwa tumefungua kila nguo isipokuwa ile moja.

Nkambo alikuwa bado ananitazama. "Unajua," alisema.

"Ndiyo, Nkambo."

"Basi sema."

"Siwezi. Ni pipa. Na pipa ni ya Mama."

Hapo ndipo aliponikemea, mwanangu, na sauti yake bado naisikia. "Ah! Donc maji inaogopa Mama? Maji haijue patronne wala mukubwa, mutoto wangu. Inajua juu na chini, basi. Weye njo unaogopa, na woga yako unaiita heshima. Heshima haiko kunyamaza. Heshima ni namna unasema." Akarudi kwenye maharagwe yake, akaongeza bila kuinua kichwa, "Na ufanye mbio, lori haina heshima."

Niliinuka. Nikajipangusa mikono. Sikuwa na maneno mengi, lakini nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika maneno machache yanamtosha.

Jikoni Depo alikuwa ameshapiga magoti na funguo zake za fundi. Mama alikuwa amesimama juu yake. Nikainama kidogo na kupiga makofi taratibu, kama tunavyofanya kwa wakubwa tunapoomba neno.

"Mama, ninaomba ruhusa. Mbele Depo afungue, nitoe mpira ku pipa. Kidogo tu. Nione."

Depo akageuka na macho makubwa. "Yesu! Mamzeli Kimya amepata sauti. Na sauti ya kwanza inamushitaki patronne!"

Mama hakumtazama. "Pipa yangu iko na nini?"

"Haina mubaya, Mama. Iko juu."

"Ile pipa Abbé aliisifu mbele ya bantu bote."

"Ndiyo, Mama. Na ikirudia chini, ataisifu tena."

Depo akaangua kicheko, kisha akakizima haraka alipoona uso wa Mama. Mama alinitazama muda mrefu. Mpaka leo sijui aliona nini. Labda aliona kwamba ninamwogopa na bado nimesimama.

"Ijaribu," alisema.

Nikautoa mpira pipani, nikauweka ndani ya ndoo juu ya kigoda. Depo akawasha. Pampu ikanguruma, na maji yakatoka kwa nguvu hata yakanirukia kifuani. Ndoo ikajaa, Mama mwenyewe akasukuma nyingine. Kisha pampu ikanyamaza. Tukainama sote watatu mbele ya mlango wa mashine, vichwa vimegusana, tukingoja maji yarudi.

Hayakurudi. Chini kabisa, juu ya chuma kikavu, kilikuwa kimelala kijiko kimoja kidogo cha chai, basi.

"Mashini imeacha kulia," Depo alisema taratibu. Kisha akacheka, safari hii akijicheka yeye mwenyewe. "Na minye nilikuwa naibeba kuiingiza ku lori kama maiti."

Mama Anastazia hakucheka wala kukasirika. Alikunja mikono ya nguo yake, akatoka kwenda kwenye pipa. Tulichota maji mpaka likawa jepesi, tukalishusha chini. Mimi na Depo tulipotaka kuondoa matofali, alitukataza. "Minye njo niliyapandisha," alisema. "Minye njo nitayashusha." Akayabeba moja moja mpaka ukutani, akayapanga vizuri, kama anayapangia siku nyingine. Depo akachukua waya, akaufunga mwisho wa mpira mdomoni mwa pipa ili usiguse maji kamwe. Na kwa ajili ya ndoo tukatafuta kikombe cha kuchotea, basi.

Alipomaliza, Mama akanisogelea huku akijifuta jasho.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu leo muchana, Mama."

"Mara ingine," akasema, "ujue asubui."

Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yangu, na yalinitosha. Jumamosi watu walikula, sahani zikatoka za moto, bibi arusi akacheza mpaka kiatu kikavunjika kisigino. Mimi sikurudi kuponda mawe. Na tangu siku ile, kila kitu kilipoharibika katika jiko lile, iwe jiko la makaa, iwe kufuli, iwe ugomvi kati ya wapishi, Mama Anastazia alikuwa wa kwanza kuuliza kwa sauti, "Minye nilibadilisha nini?" Aliuliza hivyo mbele yetu sote, yeye aliyekuwa mkubwa wetu. Nimewaona wakubwa wengi tangu wakati ule, lakini wenye ukubwa wa namna ile ni wachache.

Sasa, mwanangu, shika haya.

Jambo likikwama mikononi mwako, usikimbilie kisu. Anza na lililo karibu na lililo rahisi: osha chujio, toa kizibo. Kisha rudi nyuma, uulize ni nini kilichokuwa tofauti kabla ya ugonjwa kuanza. Na usiliruke lile jambo jema. Kosa lililo baya kila mtu analiona na kulifukuza, lakini lile lililovaa nguo ya sifa linakaa mezani na kula pamoja nanyi. Pipa letu lilikuwa jema, mwanangu, na lilibaki jema. Ni vile tu tulikuwa tumelipandisha juu kuliko nguvu za mashine yetu. Ndoa nyingi nimeziona zikikwama hivyo hivyo, na biashara, na hata sala za watu.

Na ukishaliona, liseme. Usingoje uwe na cheo, usingoje sauti yako iwe nene. Inama, piga makofi yako, omba ruhusa, kisha sema maneno machache yaliyo kweli na uyaache yafanye kazi. Asiyeuliza hana ajifunzalo, lakini anayejua akanyamaza, huyo anawaachia wenzake lori lije. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, na mtoto mwenye haya akasimama mbele yako huku anaogopa, mwambie kama Mama alivyoniambia: ijaribu.

Mungu akupe macho ya kufuata maji mpaka yanapokwama, na mikono ya kushusha tofali ulilolipandisha mwenyewe. Yanayoingia nyumbani mwako yaingie safi, na yaliyo machafu yasikose kamwe njia ya kutokea.